Jibu kwa Wenzako Wawili

Swali lilikuja Jumatatu, saa ya kukanda unga:
Mazingira ya nyumbani humfundishaje mtoto hesabu?
Maneno mia mbili. Kisha wajibu wenzako wawili.
Alama kumi.
Nikaifunika simu kwa kitambaa cha mahamri,
isije ikanuka hamira.

Usiku, Langoni yote imekwisha kufunga milango,
punda wa jirani anajikuna ukutani, kwa, kwa, kwa,
nikasoma waliotangulia.
Nduku wa Wote kasema vizuri.
Ekiru wa Lodwar kasema vizuri.
Watu thelathini na mmoja chini yao wamesema
Nakubaliana nawe kabisa, mwenzangu, hoja nzito,
wa kwanza hadi wa mwisho,
kama waitikiaji maulidini ambao hawakuisikia dua
ila wanajua pa kusema amina.

Na mimi nikaandika: Nakubaliana.
Kidole kikasita.
Kwa sababu sikukubaliana.

Ekiru alisema nyumba isiyo na vitabu wala vidude vya kuhesabia
ni nyumba bubu, mtoto hutoka humo mtupu.
Nikautazama ukuta wangu.
Nikaandika: Ndugu Ekiru, nyumbani kwetu kuna zidaka.
Simu ikapiga mstari mwekundu chini ya neno,
kama yule mwalimu aliyenichapa rula
kwa kusema mato badala ya macho.
Nikafuta. Nikaandika vidaka.
Nikafuta tena: vishubaka vya ukutani.
Hapo nikawa naeleza nyumba ya mtu mwingine.

Nikaanza upya.
Ndugu Ekiru, ukuta wa chumba cha ndani una vidaka kumi na viwili,
na kila kidaka sahani yake ya kaure.
Mwanangu Famau ana miaka minne, hajui kusoma.
Januari alihesabu sahani kumi na mbili.
Mei akahesabu tisa.
Akaniuliza: Tatu zimekwenda kula wapi?
Ndivyo alivyojifunza kutoa.

Sikueleza zilikokwenda.
Mwalimu Mutinda anayo risiti ya karo.

Nilitakiwa maneno mia mbili, sikufika hata nusu.
Nikatuma, moyo ukinidunda kama niliyemtukana mkwe.

Jumanne kimya.
Jumatano mtu wa thelathini na mbili akakubaliana na Nduku.
Alhamisi bando likakata, nikaenda kumdai Bi Shumi
mahamri ya wiki mbili ili ninunue jingine,
na njiani najisema: Umejianika, Somoe,
umewatolea watu vyombo vya ndani barazani.

Ijumaa, baada ya sala, majibu mawili.
Ekiru: Nimekusoma mara tatu. Kwetu kuna mbuzi.
Mama huwapitisha langoni bila kunyoosha kidole,
kisha humtaja kwa jina asiyekuwepo.
Nilisahau kwamba hiyo ni hesabu.
Hakusema anakubaliana.

Na Jerotich wa Iten, ambaye muhula mzima
sikuwahi kuona neno lake:
Sahani zilikuwa rangi gani?

Swali lisilo na alama hata moja.
Hadi alasiri nilikuwa nalo jikoni.
Tangu ziuzwe hakuna aliyeniuliza hivyo.
Mume wangu aliuliza bei.
Mnunuzi aliuliza kama zina ufa.

Nikamwandikia:
Jerotich, moja ilikuwa na samaki wawili wanaofukuzana.
Mbili zilikuwa rangi ya maziwa, ukingo samawati,
na moja kati ya hizo ina pengo. Nililitia mimi, nina miaka sita,
nikaligeuzia ukutani mama asione.
Alikufa hajaliona, au aliliona akanyamaza.
Zilikaa zidaka za juu, mkono wa kushoto.

Mstari mwekundu ukaja.
Nikauacha.